Ruzuku na Tuzo za Kimataifa: Kazi Inayotangulia Tangazo

Ruzuku ni fedha zinazotolewa na mfadhili ili kazi fulani ifanyike, bila kudaiwa zirudishwe. Tuzo ni fedha au heshima anayopewa mtu au kundi ambalo kazi yake imekwisha kuonekana na kuzishinda za wenzake. Mambo haya mawili huchanganywa sana, kwa kuwa yote hutangazwa kwa namna moja: kuna fomu, kuna masharti, kuna tarehe ya mwisho, kuna majaji wasiojulikana. Hata hivyo maswali yake ni tofauti. Anayeomba ruzuku huulizwa atafanya nini, kwa fedha kiasi gani na kwa muda gani. Anayeshindania tuzo huulizwa amefanya nini, na kama alichokifanya kinaleta matokeo. Mtu anayesimulia ndoto mahali panapotakiwa ushahidi huondolewa kwenye mchujo wa awali, hata kama ndoto yenyewe ni nzuri.

Mashindano yenye tuzo ni ya zamani kuliko wafadhili wa leo. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi hadi pauni 20,000 kwa atakayepata njia ya uhakika ya kuwawezesha mabaharia kujua longitudo wakiwa katikati ya bahari. Wasomi wa nyota waliamini jibu lingetoka angani. Lilitoka kwenye karakana ya John Harrison, seremala aliyejifundisha mwenyewe ufundi wa saa, na ilimchukua miongo kadhaa ya kutengeneza, kupimwa na kubishana na wakaguzi kabla hajalipwa sehemu kubwa ya fedha hizo. Kisa hicho kinaeleza kwa nini mashindano yangali yanapendwa na wenye fedha. Hawahitaji kujua mapema nani ana jibu. Wanaeleza tatizo, wanaweka masharti, kisha wanangoja.

Wasomaji wa Kiswahili wana mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la Global Learning, lenye zawadi za jumla ya dola milioni 15 zilizotolewa na Elon Musk. Washiriki walitakiwa kutengeneza programu ya kishikwambi itakayomwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Timu karibu 200 zilijitokeza. Tano zilizofika fainali zilipata dola milioni 1 kila moja, kisha programu zao zikapelekwa mkoani Tanga, katika vijiji karibu 170, kwa watoto karibu 3,000 ambao wengi wao hawakuwa shuleni. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishiriki kuendesha jaribio hilo, na lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili. Baada ya miezi 15 watoto walipimwa tena. Mwezi Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa kuwa zimefungana na kugawana dola milioni 10 zilizobaki.

Kinachofaa kutazamwa hapo ni muda. Timu ya onebillion, yenye makao London, ilikuwa imeshafanya kazi na watoto wa shule za Malawi kabla shindano halijatangazwa. Haikuanza sifuri. Ilikwisha kuona namna mtoto asiyewahi kushika kompyuta anavyokigusa kioo, wapi anakwama, lini anachoka. Tangazo lilipotoka, ilikuwa na kitu cha kuboresha. Jambo la pili ni masharti ya hakimiliki: msimbo wa programu za timu zote tano za fainali ulitakiwa kuwekwa wazi ili yeyote autumie. Kwa aliyetaka kufungia kazi yake ndani ya kampuni, sharti hilo lilikuwa la kufikiriwa kabla ya kujaza fomu. Mashindano mengi ya ubunifu yana kifungu cha namna hii, na mara nyingi kimewekwa mwishoni, baada ya kurasa za maelezo mazuri. Mbunifu ambaye hajaomba hataza anapaswa kujua pia kwamba kukieleza kifaa chake hadharani, jukwaani au kwenye video, kunaweza kumwondolea haki ya kuipata baadaye.

Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, imekuwa karimu kwa Afrika Mashariki. Mshindi wake wa kwanza, mwaka 2015, alikuwa Mtanzania Askwar Hilonga wa Arusha, aliyebuni chujio la maji linalounganisha mchanga na nanoteknolojia. Alipata pauni 25,000. Mwaka 2018 akashinda Brian Gitta wa Uganda kwa kifaa cha kupima malaria bila kutoboa ngozi. Norah Magero wa Kenya akafuata mwaka 2022 kwa jokofu la chanjo linalobebeka na kutumia umeme wa jua, kisha Anatoli Kirigwajjo wa Uganda mwaka 2023, na Esther Kimani wa Kenya mwaka 2024, mwaka ambao zawadi ya mshindi ilipandishwa hadi pauni 50,000. Wote walifika mbele ya majaji na kitu kinachoonekana na kushikika. Wanaoingia kwenye orodha fupi ya tuzo hiyo hupewa miezi kadhaa ya mafunzo ya biashara na ushauri kabla mshindi hajatajwa, na kwa fundi anayejua kutengeneza lakini hajui kuuza, mafunzo hayo yanaweza kumfaa kuliko hundi yenyewe.

Ruzuku zina ngazi nyingi zaidi. Chini kabisa ziko ndogo za wajasiriamali, kama zile za Taasisi ya Tony Elumelu ya Nigeria, ambayo tangu 2015 hutoa dola 5,000 za mtaji kwa Waafrika wenye wazo la biashara au biashara changa isiyozidi miaka mitano. Dirisha lake hufunguliwa 1 Januari. Kuna Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, inayosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) tangu 1992, ambayo kwa miaka mingi imevipa vikundi vya vijijini hadi dola 50,000 kwa mradi. Kuna ruzuku za watafiti. Mwaka 2008 Taasisi ya Gates ilianzisha Grand Challenges Explorations, ambapo mtafiti aliandika kurasa mbili tu na kuweza kupata dola 100,000 bila kutakiwa kuonyesha matokeo ya awali. Juu kabisa zipo kubwa kama Horizon Europe ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza na bajeti ya euro bilioni 95.5 kwa kipindi cha 2021 hadi 2027, ambako chuo kikuu cha Dar es Salaam au Nairobi huingia kikiwa mshirika ndani ya kundi la vyuo na taasisi za nchi kadhaa.

Ramani hii haitulii. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika 1 Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa kama chombo kinachojitegemea. Uingereza nayo ilitangaza kupunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Miradi ya afya na elimu iliyokuwa na mikataba halali ilikatwa katikati, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na foleni kwenye milango ya wafadhili waliobaki ikawa ndefu zaidi. Ombi lililopita kwa urahisi mwaka 2020 leo linashindana na mengi zaidi.

Jambo la kwanza la kusoma kwenye tangazo lolote ni nani anastahili. Watu huanza na kiasi cha fedha, na ndiyo sababu maombi mengi hufa kabla majaji hawajayagusa. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola inaonyesha vizuri. Ni bure kuingia, hadithi inatakiwa iwe na maneno kati ya 2,000 na 5,000, isiwe imechapishwa, mwandishi awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazopokelewa. Lakini ni kwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola peke yao. Kwa hiyo mwandishi wa Zanzibar, wa Lamu au wa Kampala anaingia. Wa Kigali anaingia pia, kwa kuwa Rwanda ilijiunga mwaka 2009. Mwenzake wa Bujumbura au Lubumbashi, anayeandika Kiswahili kile kile, hawezi. Hadithi nzuri ya maneno 5,200 nayo haitasomwa. Kwa mwandishi aliyefungiwa mlango huo, Tuzo ya Kiswahili ya Fasihi ya Afrika, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, hutazama lugha ya kazi wala si pasipoti ya mtunzi. Mwaka wake wa kwanza ilitambua riwaya ya Anna Samwel Manyanza na diwani ya Mohammed K. Ghassani.

Kuna tuzo ambazo mtu hawezi kuziomba kabisa. Tuzo ya Mazingira ya Goldman, waliyoipata Wangari Maathai mwaka 1991, Phyllis Omido mwaka 2015 na Edward Loure wa Tanzania mwaka 2016, hutolewa kwa watu waliopendekezwa na wengine. Kinachowezekana ni kufanya kazi ijulikane kwa wale wenye haki ya kupendekeza.

Kwa taasisi na vikundi, kustahiki kuna karatasi zake. Mfadhili atataka hati ya usajili, katiba, namba ya mlipakodi, majina ya viongozi, akaunti ya benki yenye jina la kikundi na watia saini zaidi ya mmoja, na mara nyingi taarifa za fedha zilizokaguliwa za miaka miwili au mitatu. Anayeomba fedha za serikali ya Marekani anahitaji namba ya utambulisho inayotolewa kwenye mfumo wa SAM.gov, ambayo tangu Aprili 2022 imechukua nafasi ya namba ya zamani iliyoitwa DUNS. Namba hiyo ni bure, ila kuipata kunaweza kuchukua wiki kadhaa, hasa jina kwenye hati likitofautiana hata kwa herufi moja na jina lililo benki. Hakuna tangazo linalompa mwombaji muda wa kurekebisha mambo hayo. Kikundi ambacho hati zake ziko kabatini, zimeskaniwa kwenye faili moja na zote bado hai, huanza mbio mwezi mmoja mbele ya wengine.

Inafaa kusema pia kwamba masharti haya huwaonea wadogo. Mfadhili anayetaka ukaguzi wa miaka mitatu kwa ajili ya dola 10,000 anawafungia nje wale wale anaosema anataka kuwafikia, kwa kuwa gharama ya mkaguzi peke yake inaweza kumaliza akiba ya kikundi. Njia inayotumika ni kuomba chini ya mwavuli wa shirika kubwa zaidi lililosajiliwa, ambalo linapokea fedha na kuwajibika kwazo. Njia hiyo inahitaji makubaliano ya maandishi: nani anatia saini hundi, asilimia ngapi inabaki kwa shirika mwenyeji, vifaa vitakuwa vya nani mradi ukiisha. Makubaliano ya mdomo hapo yamevunja urafiki mwingi.

Karatasi si kitu pekee kinachoandaliwa mapema. Kumbukumbu za kazi zina uzito zaidi. Katika ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na tangu 2013 wamekuwa wakiuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu huo, kiasi cha tani 3,000 hivi kwa mwaka. Mapato yamekwenda kwenye maji, shule na upandaji wa mikoko zaidi. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP. Nyuma ya ushindi huo kulikuwa na miaka mingi ya vipimo vilivyofanywa ghubani hapo na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya na washirika wake: unene wa mashina, kina cha udongo, kasi ya kukua. Msitu ulikuwa na takwimu zake kabla haujapata fedha. Kikundi kisicho na watafiti jirani bado kinaweza kuweka daftari la mahudhurio, picha zenye tarehe, uzito wa mavuno ya kila msimu na risiti za mauzo. Mwaka mmoja wa daftari kama hilo unampa mwandishi wa andiko namba za kweli za kuanzia, na namba za kuanzia ndizo zinazokosekana katika maandiko mengi.

Uandishi wenyewe huanza na tatizo. Chukulia kikundi cha akina mama wanaolima mwani mashariki ya Unguja. Mwani wa bei nzuri, unaoitwa cottonii, hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto, na akina mama wamebaki na spinosum, ambao ni mgumu kufa lakini bei yake ni ndogo. Andiko dhaifu litasema: "Mradi huu unalenga kuwawezesha wanawake kiuchumi na kuboresha maisha ya jamii kwa njia endelevu." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi wala haina habari. Ingeweza kuandikwa juu ya ufugaji wa nyuki Tabora au ushonaji Mwanza. Andiko linalosomeka litasema kwamba wakulima 40 wa kijiji fulani walivuna kilo kadhaa za cottonii msimu fulani na kilo kadhaa tu msimu uliofuata, kwamba maji ya ufukweni yalipimwa na kuonekana kuwa na joto kuliko maji ya nje kidogo, na kwamba katika miezi 12 kikundi kitahamishia kilimo kwenye kina kirefu kwa kutumia boti moja na nyavu za bomba ambazo hushikilia mwani bila kufunga kamba kwenye vigingi. Halafu litajibu swali ambalo jaji mwenye akili ataliuliza tu: wanawake wengi hawajui kuogelea, sasa watafikaje huko? Mafunzo ya kuogelea na maboya ya kujiokoa yanapoonekana kwenye andiko na kwenye bajeti, jaji anajua aliyeandika ameshafika baharini.

Mantiki hiyo, kutoka shughuli hadi mazao, kutoka mazao hadi matokeo, wafadhili wengi hutaka ipangwe kwenye jedwali ambalo nchini Tanzania hujulikana kama bango kitita. Mfumo wake ulibuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, na umeishi kuliko shirika lililouzaa. Kila mstari una kiashiria na njia ya kukithibitisha. Kosa la kawaida ni kuhesabu shughuli na kuziita matokeo. Semina tatu zilizofanyika ni shughuli. Wakulima 30 kati ya 40 wanaovuna cottonii mwaka mmoja baadaye ni matokeo.

Bajeti husomwa kwa makini kuliko maneno, na majaji wengine huanza nayo. "Vifaa, shilingi milioni 18" ni mstari usioaminika. Boti moja kwa bei ya fundi, mashine kwa bei ya duka, nyavu 60 kwa bei ya kila moja, maboya 40, mafuta kwa safari nne za wiki: hapo mfadhili anaweza kukubali au kubisha, na anayeweza kubisha anaweza pia kuamini. Nukuu za bei kutoka kwa wauzaji zinapaswa kuwepo tangu mwanzo. Posho za vikao zikizidi gharama ya vifaa, jaji ataziona kabla hajaona kitu kingine. Kwa upande mwingine, vikundi vingi hujipunja kwa kuacha gharama zao wenyewe, kama kodi ya ofisi, umeme, mhasibu na vocha za simu, kwa hofu ya kuonekana wana tamaa. Gharama za uendeshaji zinaruhusiwa na zina viwango: Umoja wa Ulaya, katika ruzuku za misaada yake ya nje, kwa kawaida hukubali hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja, na kanuni za Marekani tangu Oktoba 2024 zinaruhusu hadi asilimia 15 kwa taasisi isiyo na kiwango kilichokubaliwa. Mfadhili asiyelipa gharama zote atataka mchango wa mwombaji. Nguvu kazi, eneo la kikundi na boti iliyokuwepo huweza kukubalika kama mchango, mradi thamani yake ielezwe. Shilingi au faranga ikishuka kati ya siku ya kuandika na siku ya kulipwa, hesabu yote husogea, kwa hiyo kiwango cha kubadilishia fedha na tarehe yake huandikwa chini ya jedwali.

Majaji hufanya kazi kwa alama. Katika miito mingi ya misaada ya Umoja wa Ulaya mwombaji hutuma kwanza dokezo fupi la mradi, linalopewa alama kati ya 50, na lisilofikisha 30 haliendelei hata kama andiko kamili lingekuwa bora. Vigezo vyenyewe huchapishwa pamoja na mwongozo wa waombaji. Kuyapanga maelezo kwa kufuata vigezo hivyo, kwa vichwa vile vile na kwa mpangilio ule ule, kunamsaidia msomaji mwenye rundo la maombi mezani kuona alama anazopaswa kuzitoa. Lugha iwe nyepesi. Andiko lililofikiriwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa cha kawaida lina nguvu kuliko lile lililopambwa kwa misamiati ya semina ambayo mwandishi mwenyewe hawezi kuifafanua akiulizwa kwenye usaili. Akili mnemba sasa inaandika misamiati hiyo kwa wingi, na wafadhili wameanza kuweka mipaka: Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, maarufu kwa kifupi NIH, zilitangaza kwamba kuanzia mwishoni mwa Septemba 2025 hazitakubali maombi yaliyoandikwa kwa sehemu kubwa na zana hizo, na kwamba mtafiti mmoja asitume zaidi ya maombi sita kwa mwaka.

Tarehe ya mwisho ina mtego wa saa. Mtandao wa Horizon Europe hufungwa saa kumi na moja jioni kwa saa za Brussels. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hiyo ni saa moja usiku wakati wa baridi ya Ulaya na saa kumi na mbili jioni wakati wa kiangazi chake. Bujumbura, Kigali na Lubumbashi ziko nyuma ya hapo kwa saa moja. Matangazo mengi ya Marekani huandika 11:59 PM kwa saa za Washington, na Dar es Salaam au Nairobi inakuwa asubuhi ya siku inayofuata, saa moja au saa mbili kasoro dakika moja kutegemea majira. Kosa baya zaidi ni kusoma tarakimu kama zilivyo kwa saa ya Kiswahili, na linaweza kutupa nje andiko la miezi miwili. Tovuti huelemewa siku ya mwisho, umeme hukatika, faili huwa kubwa kuliko kiwango. Kutuma siku tatu kabla, na kuhifadhi ujumbe wa kupokelewa, ni sehemu ya ombi.

Penye fedha za nje wapo pia matapeli. Barua pepe inampongeza mtu kwa ruzuku ambayo hakuiomba, kisha inamtaka alipe ada ya kutoa fedha, kodi ya awali au gharama za wakili. Hakuna mfadhili wa kweli anayelipwa ili alipe. Ada ya kuingia shindano ni jambo jingine: baadhi ya matamasha ya filamu na mashindano ya fasihi hutoza ada ndogo kihalali, na huitangaza wazi kabla ya kupokea kazi. Anwani ya barua pepe isiyo ya taasisi, haraka isiyoelezeka, na ombi la nakala ya pasipoti pamoja na taarifa za benki kabla ya mkataba ni dalili za kutosha za kusimama. Wapo pia madalali wanaouza huduma ya usajili wa SAM.gov, na washauri wanaotaka asilimia ya ruzuku itakayopatikana. Wafadhili wengi hukataza malipo ya namna hiyo ya pili.

Ushindi huleta mkataba, na mkataba huo ni wa kusomwa mstari kwa mstari kabla ya sherehe. Ndani yake kuna ratiba ya malipo kwa awamu, tarehe za taarifa, kanuni za manunuzi, na kifungu kinachotaka salio lirudishwe. Sheria za nchi nazo zinafuata. Tanzania, kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018 zinalitaka shirika linalopata zaidi ya shilingi milioni 20 kuwasilisha mkataba Hazina na kwa Msajili, na kuziweka wazi fedha hizo kwa umma. Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika Mei 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya 1990, hivyo usajili wa zamani ulitakiwa kuhuishwa. Mhazina aandike kila matumizi siku yanapofanyika, na apige picha kila risiti, maana wino wa mashine hufutika kabla mkaguzi hajafika. Bei zikibadilika, mfadhili aandikiwe na kuombwa kibali kabla fedha hazijahamishwa kutoka fungu moja kwenda jingine. Wafadhili husamehe mradi uliochelewa na kuelezwa mapema. Taarifa ya kimya kimya inayokuja miezi minne baada ya tarehe ni vigumu kusamehewa.

Maombi mengi hukataliwa, hata ya waandishi wazoefu. Barua ya kukataliwa kutoka kwa wafadhili wakubwa mara nyingi huja na alama au sababu, na isipokuja nazo, inaruhusiwa kuziomba kwa adabu. Sababu za kustahiki hurekebishwa kwa karatasi. Sababu za umuhimu wa mradi humaanisha kwamba mfadhili huyo si wa mwombaji huyu, na andiko lile lile linaweza kumfaa mwingine likiandikwa upya kwa vigezo vyake. Sababu za mpango au bajeti hurudisha kazi mezani kwa wale waliopima, waliohesabu na waliouliza bei. Programu ya Ruzuku Ndogo iliyotajwa awali, kupitia mratibu wake wa kila nchi na kamati ya taifa inayopitisha miradi, hukirudishia kikundi andiko lake lenye maelezo ya kurekebisha, na kwa kikundi chenye wazo zuri lakini kisicho na uwezo wa kuliandika, ina ruzuku ya maandalizi ya hadi dola 5,000 kwa ajili ya kupima, kukutana na wanakijiji na kuandika mradi wenyewe.